Kipindi cha siasa na waandishi wa vitabu kwa televisheni ya Mwanza: saa moja tuitumieje?

Mtaa wa Mabatini

Wakuu, habari za jioni.

Kuna televisheni ya mtandaoni hapa Mwanza imetupatia saa moja kila Jumamosi, saa mbili hadi saa tatu usiku. Tuko wanne: mtangazaji, wapiga picha wawili na mhariri. Tuna kamera mbili (zile za picha ambazo zinachukua na video), maiki mbili za kubana kwenye nguo, taa mbili na laptop moja ya kuhariri. Tunataka kipindi cha masuala ya umma kisicho cha kupigizana kelele. Wiki moja tuoneshe kikao au mdahalo, kwa mfano baraza la madiwani au kongamano la chuo. Wiki inayofuata tukae na mwandishi wa kitabu cha mambo ya kweli: siasa, historia, ushirika, uchumi wa ziwa, kumbukumbu za viongozi. Wazo tumelitoa kwa C-SPAN, televisheni ya Marekani inayoonesha vikao vya bunge lao, na vipindi vyake vya vitabu.

Tulipokwama:

1. Mahojiano na mwandishi yaende muda gani, na maswali yaandaliweje ili yasigeuke tangazo la kitabu?
2. Sauti ya ukumbini. Vikao vingi vinavyowekwa mtandaoni, mzungumzaji anasikika kama yuko ndani ya pipa.
3. Kibali cha kurekodi baraza, na leseni.
4. Waandishi tutawapata wapi wakati maduka ya vitabu mjini yamejaa vitabu vya shule?

Mwenye ujuzi atusaidie, hata kama ni kwa swali moja tu.

---

Kurasa na Kalamu

Mkuu, nitajibu la kwanza, mengine wapo wanaoyajua kunizidi.

C-SPAN wengi wanaiga sura yake na kuacha utaratibu wake. Ilianza kurusha tarehe 19 Machi 1979, siku Baraza la Wawakilishi lilipoanza kuoneshwa moja kwa moja. Chaneli yake ya pili ikafuata 1986 kwa ajili ya Seneti. Vikao vyake kwenye televisheni havikatizwi na matangazo ya biashara, na haichukui ruzuku ya serikali. Kampuni za kebo zinailipa senti kadhaa kwa kila mteja, ndiyo maana inaweza kuacha kikao kiende saa nne bila kukatizwa na tangazo la sabuni. Jambo lingine ambalo watu hawalioni: kamera za ndani ya ukumbi wa bunge lao si za C-SPAN, ni za bunge lenyewe. C-SPAN inapokea picha kama ilivyo. Anayeshika kamera ndiye anayeamua kama mtazamaji ataona viti vitupu au hataviona. Kwetu, Januari 2016 serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena mijadala yote ya Bunge mubashara, swali lilikuwa hilohilo la nani anashika kamera. Kwa hiyo mkiingia baraza la madiwani na kamera zenu wenyewe, mna kitu ambacho hata hao Wamarekani hawana. Msikitupe kwa kuomba video kwa ofisa habari.

Sasa vitabu. Brian Lamb, mwanzilishi wa C-SPAN, aliendesha kipindi cha Booknotes kuanzia 1989 hadi 2004. Mwandishi mmoja, kitabu kimoja, saa moja, na mwandishi hakurudi mara ya pili. Kuanzia 1998 wakaifanya chaneli ya pili kuwa ya vitabu mwishoni mwa juma, na karibu vyote ni vitabu vya mambo ya kweli, si riwaya. Mtindo wa Lamb ulikuwa maswali mafupi na mepesi: kitabu umemtabarukia nani, nyaraka hizi ulizipata wapi, aliyekukatalia mahojiano ni nani. Swali jepesi humlazimisha mwandishi kueleza. Swali refu humpa nafasi ya kusema "ndiyo, ni kweli kabisa".

Kwenye saa moja, panga dakika 52 za mazungumzo. Jibu la mwandishi huenda dakika tatu hadi nne, kwa hiyo dakika hizo zinameza maswali 12 hadi 17. Andaa 25, kila moja na namba ya ukurasa pembeni, yote kwenye karatasi moja ya A4 pande mbili. Simu mkononi mwa mtangazaji inaonekana vibaya na inazimika.

Kitabu cha kurasa 300 ni saa 10 hadi 12 za kusoma. Mpe mtangazaji siku tano, na asianze na sura ya kwanza. Aanze na yaliyomo, utangulizi, shukrani, tanbihi na faharasa. Shukrani zinaonesha nani alilipia utafiti na nani alifungua milango. Tanbihi zinaonesha kama mwandishi alikwenda Nyaraka za Taifa au alinakili magazeti. Faharasa inaonesha aliyetajwa mara 40 na ambaye ulitegemea atajwe halafu hayumo. Hapo tu una maswali sita mazuri kabla hujasoma chochote.

Nikupe mfano wa swali, tuseme kitabu ni cha ushirika wa pamba. Swali baya: "Ushirika kanda ya Ziwa ulikuwa na nguvu sana, hasa baada ya VFCU, shirikisho la vyama vya ushirika, kuundwa 1955 chini ya Paul Bomani, na baadaye 1976 serikali ikavunja vyama vikuu, je, wewe kama mwandishi unalionaje hilo?" Hapo mtangazaji amejibu mwenyewe, mgeni amebaki kutikisa kichwa. Swali zuri: "Unaandika kwamba vyama vikuu vilivunjwa 1976. Msimu uliofuata, mkulima wa Magu alimuuzia nani pamba yake?" Maneno machache, na jibu lake lina mizani, kijiji, Mamlaka ya Pamba na malipo yaliyochelewa. Mtazamaji wa Kwimba atakaa kwenye kiti.

Kitabu kikubwa msikimalize. Wasifu wa Mwalimu Nyerere ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, uliotoka 2020, ni juzuu tatu. Ukijaribu kuupitia wote kwa saa moja utaishia kusoma vichwa vya sura. Chagua juzuu moja, na ndani yake uzi mmoja.

Kumbukumbu za wanasiasa ndizo ngumu kuliko zote. Mwenyewe ameshazoea majukwaa, akipewa swali la jumla anahutubia. Dawa ni tarehe na nyaraka. Kabla ya kurekodi, chora mstari wa miaka ya uongozi wake kisha weka alama kwenye miaka ambayo kitabu kimeruka. Uliza kuhusu hiyo. Usiulize kwa ukali. Uliza tu kwa nini kutoka sura ya saba kwenda ya nane miaka mitatu imepotea.

Mwisho, mpe mwandishi asome mwenyewe aya moja ya maneno 150 hadi 200, karibu na dakika ya 20. Ni kama dakika moja na nusu, na mtazamaji anapata ladha ya kitabu chenyewe. Kama kitabu ni cha Kiingereza, tafsiri aya hiyo mapema, mwandishi aipitie na aikubali, ndipo isomwe. Kutafsiri papo hapo mbele ya kamera huzaa maneno ambayo mwandishi atayakana kesho yake.

---

Fundi Miksa Kirumba

Hilo la pipa lina sababu moja: maiki iko juu ya kamera, kamera iko nyuma ya ukumbi, mita 12 kutoka kwa anayesema. Inakusanya mwangwi wa kuta na dari kuliko sauti ya mtu. Hakuna programu ya kuhariri itakayorudisha sauti ambayo haikurekodiwa.

Sauti ichukuliwe kwenye miksa ya ukumbi, ile mashine inayopokea maiki zote. Nendeni siku moja kabla, mumuone fundi wa ukumbi, muangalie nyuma ya miksa kuna matundu gani. Linalofaa ni AUX, likiwekwa lisitegemee vitelezi vya fundi, ili akipunguza sauti ya ukumbi kwa sababu spika zinapiga mluzi, ya kwenu isipungue. REC OUT ni chaguo la pili. Beba waya wa XLR wa mita 10, wa jeki kubwa, na wa RCA, maana ukumbi hauchagui.

Mitego ni miwili. Sauti inayotoka kwenye miksa ina nguvu kubwa kuliko ya maiki. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kamera inapasuka, na kwenye kioo cha kamera utadhani iko sawa kwa sababu umeipunguza pale. Tumia kinasa sauti kinachojitegemea, tundu lake liwekwe LINE. Mtego wa pili ni mvumo wa umeme, ule wa "mmmm" wa chini. Unatokea miksa na vifaa vyenu vikiwa kwenye soketi tofauti. Kinasa kitumie betri, mvumo mara nyingi unakwisha. Usipokwisha, weka katikati kiboksi cha DI, kinachotenganisha umeme wa vifaa viwili.

Rekodi kwa 48 kHz, biti 24. Mtu akisema kawaida mshale ucheze kwenye desibeli -18, akipandisha sauti usivuke -6. Mmoja wenu avae hedifoni kuanzia dua ya kufungua hadi kufunga. Kazi yake iwe hiyo tu.

Na kuna diwani ambaye hasubiri maiki, anasimama na kusema kwa sauti yake. Huyo kwenye miksa hayupo kabisa. Ndiyo maana kinasa kingine, hata simu, kinawekwa katikati ya meza za mbele. Wakati wa kuhariri unaziba pengo nacho. Pigeni makofi mara moja mbele ya kamera zote mwanzoni, na mara nyingine mwishoni, kwa sababu saa ya kinasa na ya kamera hazitembei sawa. Baada ya saa mbili mdomo na sauti vinaweza kuachana kwa fremu kadhaa.

Picha: fremu 25, shata 1/50. Umeme wetu ni hertzi 50. Ukirekodi fremu 30 kwa 1/60, taa za tyubu za ukumbini zinapigapiga kwenye picha. Kamera nyingi za aina yenu, hasa za zamani, zinajizima zikifika dakika 29 na sekunde 59. Hivyo ya pili, baada ya makofi, isimamishwe na ianzishwe upya dakika 10 baada ya ya kwanza, zisije zikalala zote pamoja wakati hoja ndiyo imekolea. Kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja inakula kama GB 22. Kikao cha saa tatu ni GB 66 hadi 68 kwa kila kamera, kwa hiyo kadi moja ya GB 64 haitoshi, na kadi ya bei chee inaacha kurekodi bila kusema.

Mahojiano ya mwandishi ni rahisi zaidi, ila chumba kinaangusha. Zima feni na friji. Kama paa ni bati bila dari, mvua ikianza simamisha, usijaribu kupaza sauti. Mazulia na mapazia vinafaa kuliko ukumbi mzuri wa vigae. Maiki ya kubana ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, na angalia kitenge au shanga zisiisugue. Kamera zote mbili zikae upande mmoja wa mstari unaowaunganisha wanaozungumza, la sivyo wataonekana wote wanaangalia upande mmoja.

Kila mtu anapenda picha ya Capri Point na mawe nyuma. Sawa, ila pwani ya mjini inatazama magharibi: kuanzia saa kumi jioni jua liko nyuma ya mgeni na uso wake unakuwa mweusi. Upepo wa ziwani unaingia kwenye maiki hata yenye manyoya. Na mkiwasha taa giza likiingia, wadudu wa ziwani wanamiminika kwenye taa, kwenye lenzi na kinywani mwa mgeni. Rekodini asubuhi, kabla ya saa tatu. Au chukueni picha za ziwa peke yake za kuweka katikati ya mazungumzo, mahojiano yafanyike ndani.

---

Karani wa Zamani

Nachukua la tatu.

Kwanza jueni mnarekodi baraza lipi. Tangu Ilemela iwe manispaa yake mwaka 2012, Halmashauri ya Jiji la Mwanza ni Nyamagana tu. Kirumba, Nyakato, Pasiansi, Buswelu na Buzuruga ziko Ilemela. Mabatini, Mirongo, Igogo, Butimba, Mkolani na Igoma ziko Jiji. Vyombo vingi huandika "diwani wa Kirumba kwenye baraza la Jiji", na hapo mkurugenzi hata kama ana kosa, anawashinda kwa kusahihisha jiografia.

Mkutano wa kawaida wa baraza hukaa kila miezi mitatu, na ni wa wazi. Mwananchi ana haki ya kuingia na kusikiliza. Kamati za kudumu si za wazi. Kuingia na kamera ni suala la kibali: andikeni barua kwa Mkurugenzi, kwa kuwa ndiye katibu wa baraza, nakala kwa Mstahiki Meya, siku 14 kabla. Barua iseme majina ya watakaoingia, idadi ya kamera, mahali mnapoomba kusimama, na kwamba mnaomba waya kwenye miksa. Hilo la waya likiwa kwenye barua iliyopigwa muhuri, fundi wa ukumbi hana la kubisha.

Ombeni pia kabrasha, yaani kitabu cha ajenda na taarifa za kikao. Bila kabrasha mtakuwa mnasikia "ukurasa wa 46, namba nne" bila kujua wanajadili nini. Kwa kawaida siku ya kwanza ni taarifa za kata, ya pili ni taarifa za kamati. Kwa mtazamaji siku ya kwanza ndiyo tamu: mitaro, madawati, zahanati isiyokwisha. Ya pili ndiyo yenye fedha. Mkiwa na nguvu ya siku moja tu, chagueni ya pili, hasa taarifa ya kamati ya fedha, na ndani yake mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Muulizeni mhasibu kilichotolewa na kilichorejeshwa. Hayo ni mambo mawili tofauti na mara nyingi husomwa kama moja.

Mikutano miwili msiikose kwenye kalenda. Wa bajeti, kati ya Januari na Machi. Na baraza maalumu la hoja za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), ambalo huitishwa baada ya ripoti kuwekwa mezani bungeni mwezi Aprili, kwa kawaida Juni. Hapo madiwani wana kitabu mkononi na wakuu wa idara wanajibu hoja moja baada ya nyingine. Kwa kipindi cha masuala ya umma sijui kama kuna kikao kinachokizidi.

Mwenyekiti akitangaza baraza "linakaa kama kamati", zimeni kamera na mtoke. Msiache kinasa mezani kikiendelea. Mkifanya hivyo mara moja, barua yenu ijayo haitajibiwa.

Mkinyimwa waraka ambao si wa siri, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ombi liwe la maandishi, na ofisi ina siku 30 kujibu. Tumieni sheria hiyo kwa utulivu, kwa barua, bila kuitaja kwenye simu kama kitisho.

Leseni: maudhui ya habari na matukio mtandaoni yanasimamiwa na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, zilizorekebishwa 2022. Televisheni iliyowapa saa hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa na leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), ombeni nakala. Mkianzisha chaneli yenu ya kuhifadhi vikao vizima, hiyo ni huduma nyingine, msijifiche chini ya leseni ya jirani. TCRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, nendeni mkaulize ada ya sasa kaunta, msitegemee namba za kwenye vikundi vya WhatsApp. Mtangazaji naye awe na kitambulisho cha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari.

---

Binti Nyegezi

Nimesoma yote, na nina neno kuhusu kikao cha saa tatu kuingia saa moja, maana hapo ndipo vipindi hivi vinapoharibika na hakuna aliyegusa.

Wahariri wengi wanakata sentensi: nusu ya diwani huyu, nusu ya jibu la mkurugenzi, muziki chini. Kinatoka kitu kinachoonekana cha moto, na kila aliyekuwa ukumbini anajua si hivyo ilivyokuwa. Kata ajenda nzima, usikate sentensi. Chagua ajenda mbili, ziache ziende kutoka mwenyekiti anapozitaja hadi zinapoamuliwa, pamoja na kikohozi na "naomba mwongozo". Pale mnaporuka, wekeni maandishi: "Hapa tumeruka dakika 40, taarifa ya kamati ya mipango miji." Kikao kizima kiwekwe kwenye chaneli, na chini yake muda wa kila ajenda. YouTube inakata sura yenyewe kama mstari wa kwanza ni 0:00, sura ni tatu au zaidi, na kila moja ina sekunde 10 au zaidi.

Halafu bando. Video ya 1080 kwa megabiti 4.5 ni GB 2 kwa saa. Mvuvi wa Igombe hatoi GB 6 kusikiliza madiwani. Toeni sauti peke yake, chaneli moja, kilobiti 64: saa moja haifiki MB 29, inapita hata WhatsApp. Vikao ni maneno, picha si lazima. Nadhani sauti itawapa wasikilizaji wengi kuliko video.

Waandishi: msianzie dukani. Anzieni vyuo vikuu, SAUT pale Malimbe na kile cha Bugando, ulizeni maktaba zao wahadhiri waliochapisha vitabu, si makala tu. Watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wanajua nani ameandika kuhusu sangara na kupungua kwa furu. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora kule Kisesa wanajua walioandika historia ya Usukuma. Kisha waandikieni wachapishaji kama Mkuki na Nyota, muombe orodha ya vitabu vipya na nakala ya kusoma. Nakala ikitumwa kwa basi kutoka Dar mnaichukua stendi. Jengeni orodha ya waandishi 12 kabla hamjarusha cha kwanza, kwa sababu wanne wataahirisha.

---

Mtaa wa Mabatini

Karani, shikamoo mzee wangu. Hilo la kabrasha hatukuwa nalo kabisa. Binti Nyegezi, tumekubali, ajenda nzima.

Mawili ya mwisho. Mwandishi mmoja tuliyemlenga yuko Dar na hawezi kusafiri. Mwingine, aliyewahi kuwa kiongozi, msaidizi wake anataka maswali yote kwa maandishi, na amedokeza kwamba "kutakuwa na kitu cha vijana". Tunafanyaje?

---

Kurasa na Kalamu

Maswali usitume. Tuma mada tano kwa mistari mitano, na orodha ya kurasa utakazozigusa. Hiyo ni haki yake, inamsaidia kukumbuka alichoandika miaka mitatu iliyopita, na atajibu vizuri zaidi. Akisisitiza maneno ya maswali yenyewe, mwache, una wengine 11 kwenye orodha.

Kitu cha vijana kikataeni kwa maandishi, kwa heshima, kabla ya siku ya kurekodi: "Tunashukuru, kipindi hakipokei malipo wala posho kutoka kwa mgeni." Mkipokea bahasha mara moja, swali la miaka mitatu iliyopotea hamtaweza kuliuliza. Chakula cha mchana mnunulie ninyi. Vitabu vya kugawa kwa watazamaji pia msichukue kwake, nunueni nakala mbili.

Kusoma aya fupi na kuonesha jalada hakuna shida mkitaja kitabu na mwandishi. Kusoma sura nzima hewani kunahitaji ruhusa ya maandishi ya mchapishaji, hata mwandishi akisema "someni tu", kwa sababu haki mara nyingi ameshaziuza.

---

Fundi Miksa Kirumba

Wa Dar: msirekodi kile kinachotoka kwenye simu ya video, kinakatika na sauti inakuwa nyembamba. Mazungumzo yaende kwa simu ya video, yeye akiwa na hedifoni masikioni, lakini kila upande ujirekodi wenyewe. Yeye aweke simu ya pili mezani, sentimita 30 kutoka mdomoni, hali ya ndege imewashwa, programu ya kurekodi kwenye WAV. Simu ya tatu, au kijana wa hapo kwake, ichukue picha ikiwa imelazwa, dirisha likiwa mbele yake na si nyuma. Apige kofi moja, nanyi mpige mkisikia lake. Saa moja ya WAV, chaneli moja, 48 kHz, biti 16, ni kama MB 350, aitume usiku.

Ajaribu dakika tano siku moja kabla na awatumie hizo kwanza. Mara nyingi ndipo inagundulika simu haina nafasi.